Sura ya 6: Oksijeni, Bati na Utumbo Unaovuja Damu

Jiwe linalochimbwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, ni jeusi au la kahawia iliyokolea, na anayelishika kwa mara ya kwanza hushangazwa na uzito wake. Hilo ndilo kasiteriti. Kikemia ni atomu moja ya bati iliyoshikamana na atomu mbili za oksijeni, na karibu 79% ya uzito wa kasiteriti safi ni bati. Kwa hiyo bati la Bisie lilikwisha kuungua zamani za kale huko chini ya ardhi: lilitoa elektroni zake, oksijeni ikazipokea, vyote viwili vikatulia. Anayelitaka bati lenyewe hana budi kulirudishia elektroni hizo. Njia iliyotumika tangu enzi na enzi ni kulichoma tanurini pamoja na makaa, kaboni ikaichukua ile oksijeni na kuondoka nayo kama hewa, na bati likabaki likitiririka.

Kutoa elektroni ndiko kuoksidishwa. Kila kiumbe kinachovuta pumzi kinaishi kwa shughuli hiyo, kwa kuwa nguvu tunayoipata katika ugali hutoka kwenye elektroni zinazoondolewa kidogo kidogo na kukabidhiwa oksijeni mwishoni. Ubaya huja pale makabidhiano yanapoharibika njiani. Oksijeni ikipokea elektroni moja peke yake hugeuka kuwa supaoksaidi, mzazi wa vitu vyenye njaa vinavyonyakua elektroni popote vinapopita: kwenye mafuta ya ukuta wa seli, kwenye protini, kwenye vinasaba. Vitu vya namna hii huitwa radikali huru. Mwili unazo njia za kuvizima, na vikizaliwa kwa kasi kuliko unavyoweza kuvizima, hali hiyo huitwa msongo wa oksidi. Sura hii inahusu msongo huo ndani ya utumbo mkubwa, katika magonjwa mawili ambayo wengi wa Walikale na Masisi hawajawahi kuyasikia yakitajwa kwa jina: kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn.

Msomaji wa Bisie atakuwa na swali la kwanza, na ni la haki: je, vumbi la kasiteriti likimezwa huunguza utumbo? Hapana. Oksidi ya bati haiyeyuki katika asidi ya tumbo. Hupita ikatoka jinsi ilivyoingia. Bati linalosumbua tumbo ni lililoyeyuka, kama linavyoyeyuka katika kopo la nyanya au la matunda yenye asidi, na ndiyo sababu kanuni za kimataifa za chakula zimeweka kikomo cha miligramu 250 katika kila kilo ya chakula cha kopo. Vumbi la mgodini lina hatari zake, kubwa ikiwa ni silika inayoharibu mapafu. Lakini anayeharisha damu Bisie asiilaumu kasiteriti.

Alaumu nini, basi? Kasiteriti ya Bisie ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya miaka michache kilima kizima kilikuwa kimetobolewa, na kambi ya Manoire ilikuwa imejaa maelfu ya watu: wachimbaji, wenye mashimo ambao wenyewe waliwaita PDG, wachukuzi, wauza bia, akina mama wapishi, na askari waliotoza kodi. Kutoka Njingala, kwenye barabara, safari ilikuwa ya miguu katikati ya msitu. Magunia ya madini ya kilo 50 yalishuka mgongoni, na mgongoni vilevile vilipanda mchele, unga wa muhogo, samaki wa chumvi na bia. Pale Kilambo ndege zilitua juu ya lami ya barabara kuchukua mzigo wa kwenda Goma. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011. Baadaye ikaja kampuni ya Alphamin na mgodi wa mashine, unaotoa bati tangu 2019.

Watu wengi juu ya kilima kimoja, vyoo haba, maji ya kijito: mahali kama hapo kuhara damu kuna washukiwa wa kwanza, na ni lazima washughulikiwe kwanza. Kati ya 1980 na 1982 bakteria Shigella dysenteriae aina ya 1 ilienea mashariki ya Zaire na kuacha misiba mingi. Ilirudi 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma mwezi wa Julai: kipindupindu kilitangulia, kuhara damu kukafuata, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Mshukiwa mwingine ni amiba. Kumwona kunahitaji kinyesi kibichi, bado kina joto, tone dogo juu ya kioo, maji ya chumvi kidogo, kisha darubini. Ukibahatika unamwona akitambaa, ananyoosha kiguu kinachong'aa kama tone la gundi, na tumboni mwake mmejaa chembe nyekundu za damu alizozimeza. Kinyesi kikichelewa nje ya maabara, amiba husimama, hujikunja, na hata mtaalamu mzuri anaweza kumpita. Kuna pia kichocho cha utumbo, na kifua kikuu kinachoshuka hadi mwisho wa utumbo mwembamba na kuiga ugonjwa wa Crohn kiasi cha kuwababaisha hata madaktari wa hospitali kubwa.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 25 aliyemaliza Flagyl mara moja, mara mbili, akapewa na dawa ya Shigella, na damu bado inatoka. Inatulia wiki tatu, inarudi. Anaamka usiku kwenda chooni. Amekonda, magoti yanamuuma, jicho moja limekuwa jekundu. Vipimo vya vijidudu ni safi. Kwa mgonjwa huyu, kuendelea kumwandikia dawa ya amiba ni kumpotezea muda. Katika kolaitisi ya vidonda, utando wa ndani ya utumbo mkubwa huvimba na kuvuja damu kuanzia njia ya haja kubwa kwenda juu. Katika ugonjwa wa Crohn, mchochota unaweza kushika popote kuanzia kinywani, ukachimba unene wote wa ukuta wa utumbo na hata kutoboa njia hadi kwenye ngozi. Hakuna kijidudu kimoja kinachoyasababisha. Kinga ya mwili imeingia vitani na bakteria wa kawaida wa utumbo na haijui namna ya kusimamisha vita.

Ni ndani ya vita hivyo ambamo oksijeni hugeuka silaha. Ukuta wa utumbo mkubwa una vishimo vidogo mno, mamilioni, ambamo seli mpya huzaliwa na kupanda juu kila siku. Kipande cha utando wa mgonjwa wa kolaitisi kikikatwa chembamba na kupakwa rangi, mtaalamu wa patholojia huona vishimo hivyo vimejaa usaha: seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili zimejipenyeza kutoka kwenye mishipa, zikapita katikati ya seli za ukuta, zikajazana ndani ya kishimo na kufia humo. Kila nyutrofili inapokutana na adui huvuta oksijeni kwa wingi wa ghafla na kuitengenezea supaoksaidi. Supaoksaidi huwa haidrojeni peroksaidi. Kisha kimeng'enya kimoja cha rangi ya kijani, myeloperoksidasi, huiunganisha peroksaidi hiyo na chumvi ya mwili na kutoa asidi ya hipoklorasi, ile ile inayofanya kazi ndani ya Javel ambayo kituo cha afya hutumia kuoshea sakafu wakati wa kipindupindu. Bakteria hufa. Seli za kishimo nazo hufa, kwa kuwa Javel haichagui.

Kama karibu kuna chuma kilichotoka kwenye damu iliyovuja, mambo huharibika zaidi. Mwaka 1894 mwanakemia Mwingereza Henry Fenton alieleza jinsi chumvi ya chuma na haidrojeni peroksaidi zinavyooksidisha kwa ukali vitu vinavyokutana navyo, na leo tunajua kwamba kinachozaliwa hapo ni radikali ya haidroksili, kali kuliko zote, ambayo mwili hauna kimeng'enya cha kuizima. Njia pekee ni kuhakikisha haizaliwi. Kwa hiyo mgonjwa wa kolaitisi aliyepungukiwa damu, akipewa vidonge vya chuma vya kumeza kwa dozi kubwa, anaweza kulalamika kwamba tumbo limezidi. Asipuuzwe. Chuma anakihitaji, ila dozi iwe ndogo, au apewe kwa mshipa pale inapowezekana.

Moto huu wa oksijeni unawafaidi pia wasiostahili. Utumbo mkubwa wenye afya hauna karibu oksijeni yoyote, na bakteria wema wanaishi humo kwa sababu hiyo. Wanachachusha mabaki ya mboga na maharage, wanatoa asidi ya butireti, na seli za ukuta wa utumbo huichoma kama chakula chake kikuu, zikimaliza oksijeni kabla haijavuja ndani. Mchochota ukianza, mpango huo huvunjika. Mwaka 2010 maabara ya Andreas Bäumler huko California ilionyesha kwamba Salmonela hunufaika moja kwa moja na silaha za nyutrofili: radikali huru hugeuza kiasi cha salfa kilichomo utumboni kuwa kitu ambacho Salmonela hukivuta badala ya oksijeni, huku washindani wake hawawezi. Mwili unawasha moto kumfukuza adui, na adui anapikia.

Zipo kinga. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke, Joe McCord na Irwin Fridovich walitambua kimeng'enya kinachozima supaoksaidi, kikafungua elimu yote hii. Kimoja katika familia ya kimeng'enya hicho kimejengwa kwa shaba na zinki, kingine, kilicho ndani ya mitokondria, kwa manganizi. Peroksaidi inayobaki humalizwa na katalasi, yenye chuma, na glutathioni peroksidasi, ambayo mwaka 1973 iligunduliwa kuwa na seleniamu. Kwa hiyo kinga dhidi ya oksijeni imetengenezwa kwa madini, kitu ambacho watu wa Kivu wanakijua kwa kilo na kwa tani, isipokuwa hapa tunakihesabu kwa vipimo vidogo mno. Nyutrofili nayo inalijua hilo: hubeba protini iitwayo kalprotektini, inayonyakua zinki na manganizi ili bakteria wakose. Kalprotektini hutoka na kinyesi, na hospitali zenye uwezo huipima. Ikiwa juu, ukuta wa utumbo una mchochota wa kweli. Ikiwa chini, huenda ni tumbo la kawaida lenye kero tu.

Nguzo ya kinga yote ni glutathioni, molekuli ndogo ya asidi amino tatu, na ile adimu kuliko wenzake ni sisteini, yenye salfa. Hapa chakula cha Walikale kinaingia. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na wenyeji wanajua dawa yake: kuuloweka siku kadhaa mpaka ulainike, kuumenya, kuuanika juani hadi ukauke kabisa. Anayeharakisha, kwa sababu ya vita au kwa sababu wanunuzi wa mgodini wanasubiri unga, anabakiza sianidi. Mwili utaizima kwa kuifunga na salfa, na salfa hiyo inatolewa kwenye akiba ile ile ambamo glutathioni hutengenezwa. Mtu anayekula ugali wa muhogo uliofanyiwa haraka, na kitoweo kisicho na nyama, samaki wala maharage, anaulipa muhogo kwa kinga yake. Muhogo wa namna hiyo hugusa pia tezi ya shingo: uhusiano huo ulichunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Kibelgiji katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, ambako rovu lilienea. Mawese mekundu yana karotini na vitamini E. Sombe, yaani majani ya muhogo, ina protini kuliko wengi wanavyodhani. Maharage ya Masisi, jibini na maziwa ya Masisi, wadudu na samaki wa mtoni: hivi ndivyo vinavyoleta salfa, zinki na shaba mwilini. Barabara ya Masisi ikifungwa na mapigano, kinachokatika kwa familia ya Walikale si ladha ya mboga peke yake.

Mtu akisoma mpaka hapa anaweza kufikia hitimisho rahisi: kama msongo wa oksidi ndio unaounguza utumbo, basi tumpe mgonjwa vidonge vya antioksidanti. Biashara kubwa imejengwa juu ya wazo hilo, kuanzia chupa zenye picha za matunda hadi mchanganyiko wa mizizi unaouzwa ndani ya basi. Mimi naipinga biashara hiyo waziwazi, na sababu zangu zinatoka karibu na nyumbani.

Ya kwanza ni ya Kongo. Kaskazini mwa nchi, wakati bado inaitwa Zaire, watafiti waliwakuta watu waliopungukiwa iodini na seleniamu kwa pamoja. Ilionekana jambo la busara kuwaongezea seleniamu, kiungo cha glutathioni peroksidasi. Matokeo yalichapishwa 1991: homoni ya tezi ya shingo ilishuka zaidi, na walioathirika hasa ni wale ambao tezi yao ilikuwa imekwisha kudhoofika. Seleniamu hujenga pia kimeng'enya kinachoibadili homoni hiyo, na bila iodini tezi haikuweza kufidia. Watafiti wenyewe waliandika onyo dhidi ya kugawa seleniamu kiholela.

Ya pili ni ya Malawi. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kwashiakoo, unaomvimbisha mtoto miguu na kumgeuza nywele rangi, unatokana na upungufu wa kinga dhidi ya radikali huru. Dalili za kimaabara ziliunga mkono. Ndipo watoto 2,372 wa vijijini wakagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa kila siku vitamini E, riboflavini, seleniamu na sisteini iliyorekebishwa, jingine unga usio na dawa. Matokeo yalitoka 2005. Waliopata kwashiakoo katika kundi la antioksidanti walikuwa 3.3%, na katika kundi lisilopewa kitu 1.9%. Dawa haikuzuia chochote. Radikali huru zilikuwepo, lakini kuzikuta mahali pa tukio hakukutosha kuthibitisha kwamba ndizo zilizoanzisha. Kwa ugonjwa wa Crohn wenyewe, watafiti wa Toronto walitangaza 2003 kwamba vitamini E na C kwa dozi kubwa zilipunguza alama za msongo wa oksidi katika pumzi na damu ya wagonjwa, huku ugonjwa ukibaki pale pale.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote. Wapo watoto wachache duniani wanaozaliwa na nyutrofili zisizoweza kutengeneza supaoksaidi. Kama radikali huru ndizo adui wa utumbo, watoto hao wangekuwa na utumbo salama kuliko wetu sote. Badala yake, wengi wao hupata mchochota wa utumbo unaofanana sana na ugonjwa wa Crohn. Bila ule mlipuko wa oksijeni, bakteria hawauawi ipasavyo, na nyutrofili hazipati ishara ya kunyamaza kazi ikiisha. Kumbe supaoksaidi ni silaha na ni amri kwa wakati mmoja. Kinachomwangamiza mgonjwa ni mapigano yasiyokoma, na anayetaka kumsaidia lazima aende kwenye chanzo cha mapigano.

Magonjwa haya yaliitwa kwa muda mrefu magonjwa ya wazungu. Mwaka 1964 madaktari wa Kampala walipochapisha taarifa ya kolaitisi ya vidonda kwa Waafrika, wagonjwa wanne tu walitosha kuwa habari. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda hadi katikati ya miaka ya 1960, aliondoka na picha hiyo kichwani, na baadaye akadai kwamba chakula chenye makapi mengi ndicho kilichowalinda watu wa vijijini. Hakukosea sana. Makapi ndiyo yanayolisha bakteria wanaotoa butireti. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hesabu zake hazikuweza kulionyesha: penye Shigella na amiba, kila damu kwenye kinyesi hupewa jina lao, na asiyepimwa hahesabiwi.

Jiji la Leicester, Uingereza, lilitoa fundisho lake. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972, maelfu walihamia huko, wakiungana na wengine waliotoka Kenya na Tanzania na wengine waliokuja moja kwa moja kutoka India. Mwaka 1992 madaktari wa huko walichapisha kwamba kolaitisi ya vidonda ilikuwa inawapata Waasia wa eneo hilo zaidi ya majirani zao Wazungu. Damu ya ukoo haikubadilika kwa kupanda ndege. Kilichobadilika ni chakula, maji, dawa za utotoni, vijidudu wanaoishi nao. Miji ya Afrika Mashariki na Kongo inapitia mabadiliko ya namna hiyo bila ya mtu kuhama nchi, na kijana wa mgodini anayekula mchele mweupe, biskuti na vinywaji vya sukari mwaka mzima hali tena chakula ambacho Burkitt alikisifu.

Kuhusu dawa, kuna hadithi inayotugusa hasa sisi watu wa nchi za malaria. Nanna Svartz, daktari wa Stockholm, aliunganisha dawa ya jamii ya salfa na ndugu wa aspirini akitafuta tiba ya maumivu ya viungo. Mwaka 1942 alieleza kwamba wagonjwa wa kolaitisi walipata nafuu. Dawa hiyo ni salfasalazini. Inafika utumbo mkubwa ikiwa nzima, bakteria wanaikata vipande viwili, na mwaka 1977 huko Oxford ilithibitishwa kwamba kipande kinachoponya ni kile cha jamii ya aspirini, kiitwacho mesalazini. Mesalazini hutuliza mchochota kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa ni kunasa radikali huru papo hapo kwenye utando uliojeruhiwa. Hii ni antioksidanti iliyopelekwa mahali pake, ikiwa na kazi nyingine mkononi. Huenda ndiyo maana imefanikiwa pale vidonge vya vitamini viliposhindwa.

Kipande cha pili, kile cha salfa, ndicho chenye mtego. Watu wengi katika nchi za malaria, Kongo ikiwemo, wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwa sababu chembe nyekundu zenye upungufu huo haziwafai sana vijidudu vya malaria. Kazi ya G6PD ni kutengeneza NADPH. Na NADPH ni sarafu moja inayotumika katika masoko mawili yanayopingana: nyutrofili huitoa kununua supaoksaidi, na seli nyingine zote huitoa kununua glutathioni mpya iliyo tayari kuizima. Chembe nyekundu ya damu haina duka jingine la kuipata sarafu hiyo. Mtu mwenye upungufu wa G6PD akipewa dawa inayoongeza msongo wa oksidi kwenye damu, na dawa za jamii ya salfa ni mojawapo, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi. Mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, macho yanageuka manjano, anaishiwa nguvu. Kwa kuwa kinasaba cha G6PD kiko kwenye kromosomu ya X, wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, na mgodini wengi ni wanaume. Kwa hiyo kabla ya salfasalazini, mgonjwa apimwe G6PD panapowezekana; pasipowezekana, aulizwe kama aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa, na arudi kituoni baada ya siku chache aonekane. Aongezewe na asidi ya foliki, maana salfasalazini hupunguza kunyonywa kwake.

Dawa ya pili ni predinisoloni. Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walionyesha kwa jaribio la wagonjwa 210 kwamba dawa za jamii ya kotizoni huzima shambulio kali la kolaitisi ya vidonda. Ni rahisi, ipo karibu kila mahali, na hapo ndipo ninapokuwa na hofu. Mgonjwa wa amiba akipewa predinisoloni kwa kudhaniwa ana kolaitisi, utumbo wake unaweza kutoboka. Mwenye minyoo aina ya strongiloidi, ambayo hukaa mwilini miaka mingi kimya, inaweza kumlipukia mwili mzima. Mwenye kifua kikuu cha utumbo atazidiwa. Lazima washukiwa wa kwanza waondolewe kwa vipimo au, vipimo vikikosekana, kwa matibabu kamili kabla ya kidonge cha kwanza cha predinisoloni.

Nyongeza moja kwa wachimbaji hasa. Anayebeba gunia mgongoni humeza diklofenaki au ibuprofeni kama wengine wanavyomeza pipi. Dawa hizi huharibu utando wa utumbo, hulegeza mitokondria ya seli zake, na zinaweza kuamsha kolaitisi iliyokuwa imelala. Mwenye historia ya kuhara damu kunakorudi rudi atumie parasetamoli. Sigara nayo huuzidisha ugonjwa wa Crohn bila shaka yoyote.

Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Machi 13 Alphamin ilisimamisha kazi Bisie, siku chache baadaye waasi wakaingia mji wa Walikale, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili na mgodi ukaanza kufufuliwa. Masoko ya dunia yalizihesabu wiki hizo kwa bei ya bati. Mgonjwa wa utumbo huzihesabu vingine: barabara ya kwenda kwenye kipimo imekatika, dawa imeisha, damu imerudi. Kwa hali kama hiyo, kazi ya muuguzi wa kituo cha afya ina uzito kuliko ya bingwa aliye mbali. Amwulize mgonjwa damu imedumu muda gani; kama anaamshwa na tumbo usiku; kama viungo, macho au ngozi vinamsumbua; kama kuna mwingine nyumbani anayeharisha. Zaidi ya wiki sita, vipimo vya vijidudu vikiwa safi na dawa zao zikiwa zimekwisha kutolewa, aandike kwenye kadi jina la ugonjwa anaoushuku na ampe mgonjwa barua ya kwenda hospitali kuu. Salfasalazini na predinisoloni zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na zinaweza kuagizwa na kupelekwa Walikale kwa njia ile ile inayopeleka dawa za malaria, mara tu jina la ugonjwa linapoanza kuonekana kwenye ripoti za kila mwezi.